Neno Ambalo Shehe Alikataa Kulisema

Watu wakiniuliza kazi yangu, huwaambia nauza nyama sokoni na mume wangu, na huo si uongo. Kazi yangu ya pili siitaji mpaka tuzoeane. Mimi ndiye ninayeosha maiti za wanawake wa Kiislamu katika mtaa wetu hapa Bunia. Mwanamume haoshi maiti ya mwanamke asiye wake, na wanawake wengi hawana moyo wa kazi hiyo. Kwa hiyo akifa bibi, mama au binti, hata kama juzi tulitukanana bombani kwa ajili ya foleni ya maji, mlango utakaobishwa ni wangu. Shangazi yangu alinifundisha nikiwa bado sijaolewa, akaniambia yote ninayoyaona juu ya ubao wa kuoshea niyaache palepale. Leo nitayasema niliyoyaona, na shangazi anisamehe huko aliko.

Mume wangu ni mchinjaji. Ng'ombe wengi wa huku ni wa Wakristo, wao ndio wenye malisho na wao ndio wenye mifugo, lakini kisu cha machinjioni kiko mkononi mwa Mwislamu ili kila mtu mjini ale bila kuuliza. Tulikuta wazee wanafanya hivyo, nasi tukaendelea. Padri anakula, mchungaji anakula, sisi tunakula. Mume wangu huficha kisu nyuma ya mgongo mpaka mnyama amelala, na hachinji mbuzi mbele ya mbuzi mwenzake. Ukimleta mnyama huku mwingine anatazama, atakufokea mbele za watu, hata kama wewe ni mteja mkubwa kiasi gani.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni mama Mkristo, mjane, wa familia ya wafugaji. Ng'ombe tuliowauza kwa miaka mingi walitoka kwa ndugu zake. Tuliitana dada. Alikuwa na watoto wawili wa kiume: mkubwa alikuwa dereva wa lori, na mdogo alikuwa na pikipiki ya kubeba abiria. Mimi nilikuwa na mdogo wangu wa kike, mfanyabiashara wa vitenge, ambaye hakuweza kukaa sehemu moja kwa juma zima. Asubuhi moja alipanda lori la kijana wa jirani kwenda Komanda. Mama yule na mimi tulisimama barabarani tukiwapungia mkono, tukicheka kwa sababu mdogo wangu alikuwa anagombana na utingo juu ya mahali pa kuweka marobota yake.

Hawakufika. Watu wa porini walilisimamisha lori mahali ambapo barabara inapanda na gari halina nguvu. Wapo huko misituni miaka yote hii, wanachoma vijiji, wanakata watu mashambani, na wanasema wanafanya hivyo kwa ajili ya dini yangu. Tuliyoyajua tulisimuliwa na yule utingo, ambaye walimkata shingo vibaya wakamwacha wakidhani amekufa. Walifunga watu mikono kwa kamba, wakawalaza kando ya barabara, wakaanza kuuliza mmoja mmoja dini yake.

Mdogo wangu aliwaambia yeye ni Mwislamu. Alikuwa na ushungi kichwani. Akatoa shahada kwa sauti, hakukosea hata neno. Mkubwa wao akamuuliza anasafiri na nani, anauza vitenge vyake kwa nani, analipa kodi ya soko kwa nani. Alipokwisha kujibu, yule mtu akasema anayeishi na makafiri, akala nao na kulipa kodi yao, ni kafiri mwenzao, na shahada yake ni ya mdomoni tu. Kisha wakaanza kuchinja. Walichinja mmoja mbele ya mwingine, kwa mapanga, bila haraka, na kijana wa jirani yangu alikuwa wa kwanza kwa sababu alijaribu kujifungua kamba. Mdogo wangu alikuwa karibu na mwisho wa mstari. Maana yake aliwaona wote.

Nilimwosha mimi. Kaka yangu alinisihi niache, akasema watafutwe wanawake wa mtaa mwingine, nikamfukuza. Panga halikuwa kali, walirudia. Kila nilipommiminia maji, damu ilitoka tena shingoni, nikajaza pamba, nikafunga, ikalowa, nikafungua, nikajaza upya. Vidole vyake viwili vilikuwa vimening'inia kwa ngozi kwa sababu alijikinga baada ya kamba kulegea. Nilivirudisha mahali pake nikavifunga kwa kitambaa. Wakati wote ule sikulia. Nilikuwa na hasira iliyonikausha mate, na nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Baada ya hapo mji ukatugeukia. Duka la mwenzetu mmoja wa Kiislamu lilivunjwa, magodoro yake yakachomwa moto katikati ya njia. Mume wangu alipofika machinjioni alikuta vijana wamesimama mlangoni na marungu. Walimwambia kisu chake na kile cha porini ni kimoja, na jina analolitaja juu ya ng'ombe ndilo lililotajwa juu ya watoto wao. Alirudi nyumbani mchana akaketi uani na kisu kimefungwa kwenye gazeti. Sokoni nyama yangu ilioza. Mwanamke niliyemuuzia maini tangu alipoolewa alipita mbele ya meza yangu akatema mate chini.

Jirani yangu alikaa kimya mpaka siku ya tatu ya matanga ya mwanawe. Siku hiyo alikuja uani kwetu akiwa pekupeku, na hakuketi.

"Dada, minakuja na neno moja tu," alisema. "Ule shehe wenu iko na kinywa? Juu ya nini hapana kusema kwa radio kama bale batu si Baislamu? Aseme ivo tu. Batu batatulia, bwana yako atarudia kwa kazi, na miye nitaweza kukuangalia kwa macho."

Nilimwambia ana haki. Naapa nilisema hivyo, na nilimaanisha. Tukafunga mlango tukaenda kwa shehe, mimi na yeye, wafiwa wawili tunaotembea kwa hasira moja.

Shehe wetu si mtu mzima sana. Alisoma Kampala, kisha akaenda Khartum, akarudi na masanduku ya vitabu na kifua kibovu. Tangu mauaji yalipoanza huku kwetu amekuwa mtu wa simu: anafuatilia wanazuoni wa Kairo, wa Amman, wa Dakari, anasoma fatwa zao na matamko yao, anatufasiria siku ya Ijumaa. Kwa kweli alitufundisha mengi. Alitueleza kwamba wanazuoni wakubwa wa wakati wetu wamekataa kazi ya watu hawa kwa kauli moja. Kikundi cha porini hakina mamlaka ya kutangaza vita. Mtu mnayeishi naye kwa amani, mkiwa na kitambulisho kimoja na soko moja, mna ahadi naye, na anayemuua amevunja ahadi ya Mungu. Hata kwenye vita vya kweli mkulima haguswi, mwanamke haguswi, mtoto haguswi, wala anayesali kanisani. Wanazuoni hao huwafananisha wauaji hawa na watu wa karne ya kwanza ya Uislamu, waliojitenga na wenzao, wakawaita Waislamu wote makafiri, halafu wakawachinja. Tuliyasikia haya yote. Lakini Kairo iko mbali na barabara ya Komanda, na maneno mazuri hayakumfungua mdogo wangu kamba.

Tulimkuta barazani. Jirani yangu alimweleza anachotaka. Shehe alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akafuta mdomo.

"Mama, pole sana," alimwambia. "Kwa radio nitakwenda. Nitasema beko bauaji, nitasema damu ya mutoto wako iko haramu sawa damu ya mutoto wangu. Nitasema mwenye anajua kambi yao aende kuonyesha, na mwenye anabaficha iko muuaji pia. Ile yote nitasema, hata banikate miye. Lakini kusema hapana Baislamu, ile sina ruhusa."

"Nani anakukataza?" nilidakia. Nilishindwa kukaa.

"Elimu njo inanikataza."

"Shehe, dada yangu iko mu udongo! Weye unanitolea darasa?"

Alinitazama. Akaniuliza kama mdogo wangu alitoa shahada. Nikajibu aliitoa, kila mtu anajua aliitoa. Akaniuliza wale watu walimjibu nini.

"Balimutoa kwa dini kwanza kwa kinywa," alisema. "Kisha panga. Kama hapana ile kinywa, panga haingepata njia. Batu ba elimu bengine banasema ndiyo, bale beko inje ya dini. Lakini bengi banakataa, na miye niko nao. Muuaji akamatwe, ahukumiwe, apigwe vita. Lakini siku nitajifunza kutoa mutu kwa dini na kinywa yangu, nitakuwa nimebeba silaha yao. Leo nitatoa bale. Kesho nani atanizuia kukutoa weye?"

"Batachoma musikiti yako," jirani yangu alimwambia.

"Bachome."

Tulirudi nyumbani. Niliona ni kiburi. Mtu ana neno moja mdomoni linaloweza kuokoa nyumba zetu, mkono wa mume wangu, mkate wetu, naye analifungia kama mali ya urithi. Kitu kibaya zaidi ni kwamba nilimwelewa, na kumwelewa kulinizidishia hasira. Usiku mume wangu aliniuliza shehe kasema nini, nikamjibu, "Amesema tufe."

Viongozi wa mji walipanga mazishi ya pamoja ya wale wengine waliochinjwa kwenye lori, kwenye uwanja wa mpira. Majeneza yalipangwa juu ya meza za shule, na watu walijaa mpaka juu ya kuta. Wakuu wa makanisa walikuwa waungwana, walimpa shehe nafasi ya kusema baada yao. Mume wangu alimwomba asivae kanzu siku hiyo, naye akakubali, akavaa koti la kijivu na suruali kama mwalimu. Alikuwa ameandika maneno yake kwa Kiswahili kwenye karatasi. Niliyasoma asubuhi ile, alinipa mwenyewe nimsahihishie lugha ya mtaani, na nitasema ukweli, yalikuwa maneno ya kumfanya mtu ashike kichwa. Alikuwa amewaomba radhi wafu. Alikuwa ameahidi kuwapeleka vijana wa msikitini kulinda makanisa siku ya Jumapili.

Hakuna hata mmoja aliyeyasikia. Shehe alishika maikrofoni, akafumba macho, na ulimi wake ukaanza pale ulipozoea kuanza maisha yake yote, kwa Kiarabu. Kumsifu Mungu na kumtakia rehema Mtume, kama anavyoanza kila hotuba, kila ndoa, kila mkutano wa wazazi wa madrasa. Hakukusudia, na sisi Waislamu tuliosimama nyuma hatukuona ajabu yoyote, wengine tuliitikia. Hivyo ndivyo tulivyo, hatujui kuanza kwa njia nyingine. Lakini yule utingo wa lori alikuwa ameketishwa mbele, kwenye viti vya wafiwa, na bandeji shingoni. Ile sauti ilipotoka kwenye vipaza sauti, kwa maneno yaleyale ya Kiarabu aliyoyasikia akiwa amelala kando ya barabara, aliruka kutoka kwenye kiti chake. Suruali yake ilikuwa imelowa. Akapiga kelele kwa koo lililokatwa, sauti ikitoka kama ya filimbi mbovu, "Njo bale! Njo bale!" Ndio wale.

Jiwe la kwanza lilimpata shehe mdomoni. Nililisikia likigonga kwa sababu maikrofoni ilikuwa bado wazi. La pili likampasua juu ya jicho. Akina mama walijitupa juu ya majeneza, meza moja ikaanguka, na jeneza la mtoto likafunguka mbele ya watu. Mume wangu alikimbia kuelekea kwa shehe, nikamshika shati, shati likabaki mkononi mwangu. Alimlalia shehe kwa mwili wake. Walimpiga kwa marungu na miguu ya viti, wakamkanyaga mkono wa kulia juu ya zege mpaka mfupa ukatoka nje ya ngozi. Mtu mmoja alisimama juu ya kiwiko chake na kuruka. Nilimuuma huyo mtu mguuni, nikang'oa nyama, sijuti mpaka leo. Polisi walipiga risasi hewani ndipo umati ukatawanyika. Shehe alibaki amekaa chini, anatema meno kwenye kiganja, huku karatasi yake ikiwa bado imekunjwa kwenye mfuko wa koti.

Mkono wa mume wangu uliungwa vibaya. Anashika kikombe, lakini kisu hapana. Kazi ya machinjioni sasa inafanywa na mpwa wake, kwa sababu baada ya wiki kadhaa watu walichoka kula maharagwe, wakaturudisha bila kusema samahani. Mdogo wa yule dereva, mtoto wa pili wa jirani yangu, hakurudi kwenye pikipiki ya abiria. Alijiunga na vijana wa kujilinda, wale wanaoingia msituni na bunduki za kuazima na mapanga. Mama yake alimwandalia mfuko wa mihogo mikavu. Alikuwa akipita mbele ya mlango wetu bila kutusalimia, kijana niliyempa vipande vya nyama tangu anatambaa.

Vijana hao ndio waliomleta mwanamke mmoja wa watu wa porini, amekwisha kufa. Ilikuwa alasiri, jua kali. Niliwasikia kabla ya kuwaona, honi za pikipiki na watu wakipiga miluzi. Walikuwa wamevamia kambi upande wa Boga, na maiti yake waliifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, kama gunia la mkaa, lakini walipofika mjini wakaifungua na kuiburuta kwa kamba ili watu waone. Alikuwa na gauni jeusi refu lililochanika mpaka kiunoni. Risasi ilikuwa imeingia chini ya kwapa. Watoto wa shule walimpiga mawe. Bibi mmoja, mtu wa heshima, alimkanyaga usoni kwa kisigino. Mtu alikuwa amekwisha kuleta tairi la kumchomea.

Shehe akaja. Alikuja peke yake, na kovu bichi juu ya jicho, akawapita watu mpaka penye maiti. Mmoja wa vijana alimcheka.

"Sasa shehe, tuambie leo. Uyu iko Mwislamu ao hapana?"

Ule ulikuwa mtego, na kila mtu aliuona. Akisema si Mwislamu, maiti itachomwa, naye atakuwa amelisema lile neno mwishowe. Akisema ni Mwislamu, basi amekiri mbele ya mji mzima kwamba wale ni wake.

"Iko maiti ya Mwislamu," alisema. "Munipe nimuzike."

Walimtemea mate. Nilidhani watamuua palepale. Ni yule mtoto wa jirani yangu aliyekata kamba kwa panga na kuisukuma maiti kwa mguu. "Mupe," alisema. "Alale naye."

Saa ile ile shehe akabisha mlangoni kwangu, kama nilivyojua atabisha. Nilizungumza naye kupitia upenyo, sikufungua.

"Mvua imwoshe," nilimwambia.

"Mama, hakuna mwingine. Miye siwezi kumugusa, iko mwanamuke."

"Siku ile ulikataa kusema ile neno kwa radio, ulijua itakuja kuangukia nani?"

Akaniambia hakujua. Akaniambia pia kwamba wanazuoni wamehitilafiana hata juu ya kuwasalia watu wa namna hii, kwamba wengine wanaona mwenye cheo asisimame mbele, ili watu waonywe, na kwamba yeye atafanya hivyo, atasimama nyuma kabisa. Lakini wa kumwosha hakuwa naye. Nilimwambia aondoke na hitilafu zake.

Kisha nikaenda. Sijui kueleza vizuri. Sikwenda kwa ajili ya huruma, wala kwa ajili ya elimu yake. Nilitaka kumwona mmoja wao uso kwa uso, amelala juu ya ubao wangu, uchi, hawezi kuniuliza nauza nyama kwa nani. Hiyo ndiyo nia niliyotoka nayo nyumbani, na mume wangu aliiona usoni mwangu.

Chumba cha kuoshea kiko nyuma ya msikiti, kina dirisha la matundu upande wa njia. Binti anayenisaidia kwa kawaida alikuwa amejificha kwao. Nilimfunika yule mwanamke kutoka kitovuni mpaka magotini kama inavyotakiwa, nikaanza kukata nguo zilizobaki. Alikuwa kijana kuliko nilivyofikiri. Uso wake haukuwa uso tena, kwa hiyo sikupata nilichokifuata. Nilimmiminia maji kwa nguvu, nikamsugua kama sufuria. Nilipotaka kumgeuza nikashindwa, alikuwa mzito, na sakafu ilikuwa inateleza kwa damu.

Nikasikia mtu mlangoni. Jirani yangu. Tangu siku ya uwanjani hatukuwa tumesemeshana. Alikuja kwa sababu ileile iliyonileta mimi, sikuhitaji kumuuliza. Alikuwa anamtazama yule mwanamke kwa macho makavu.

"Kama umekuja kumutukana, mutukane," nilimwambia. "Lakini shika miguu kwanza."

Akasita. Halafu akakunja kitenge chake, akaingia, akashika miguu. Tulimgeuza ubavu, tukamwosha mgongo, tukamrudisha. Mgongoni alikuwa na alama za kamba zilizopona zamani, mistari mingi. Nikaweka mkono juu ya tumbo na kulikandamiza polepole, kama nilivyofundishwa, ili kilichobaki kitoke kabla ya sanda. Nikapandisha mkono kufuta kifua. Maziwa yakatoka.

Nilifikiri ni maji ya sabuni. Nikafuta, yakatoka tena, kwenye matiti yote mawili, meupe, mazito, yakateremka ubavuni kwenye tundu la risasi na kuchanganyika na damu. Jirani yangu aliiachia miguu.

"Uyu alikuwa ananyonyesha," alisema. "Dada. Uyu iko na mutoto muchanga."

Hakungoja nimjibu. Alitoka nje na mikono iliyolowa. Vijana walikuwa wameegemea ukuta wa msikiti upande wa njia, wakingoja tutoke na jeneza watuzomee, na mtoto wake alikuwa miongoni mwao. Kupitia matundu ya dirisha niliwasikia kama wamo chumbani.

"Kule mulimupigia uyu mwanamuke, kulikuwa mutoto?"

"Mama, rudia nyumbani."

"Minakuuliza. Kulikuwa mutoto?"

Wenzake waliacha kucheka.

"Alikuwa naye mu mugongo."

"Iko wapi?"

"Mama, bale banakomaa. Kesho njo atakuja kukuchinja weye."

"Iko wapi?"

"Alikuwa analia sana. Bangetusikia. Ilikuwa lazima anyamaze."

"Nani alimunyamazisha?"

Nilisimama na kitambaa mkononi, nikiomba ataje jina la mwingine yeyote, hata liwe la uongo.

"Miye," alisema kijana.

Jirani yangu alirudi ndani. Alifunga mlango, akasimama mahali pake, akashika vile visigino viwili na kuvinyanyua ili nipitishe sanda chini yake. Mikono yake ilikuwa imara. Nje shehe alikuwa anaita kwamba jua linatua, na kwamba amepata wazee wawili watakaosali.

"Utamufanya nini?" nilimuuliza.

"Nimufanye nini, dada?" alisema. "Nimufukuze? Iko mutoto wangu."

Maziwa yalikuwa bado yanatoka. Nikaomba pamba nyingine, akanipa.